Mikono ya Mpulizaji: Namna ya Kuchagua Glavu kwa Kazi za Ufipa

Tangu kiwavijeshi vamizi aingie nchini mwaka 2017, bomba la kupulizia halikai tena stoo msimu mzima. Mvua zikishakolea juu ya uwanda wa Ufipa na mahindi yakafika magotini, utawaona watu njiani na bomba mgongoni, Laela, Mpui, Matai hadi Namanyere. Wengi wamevaa buti. Wapo waliojifunga kitambaa puani. Mikono ndiyo inayoachwa wazi, na mikono ndiyo inayoipokea sumu kwanza.

Hatari iko kwenye kizibo

Mkulima huogopa ule ukungu unaotoka kwenye bomba, na ana haki ya kuuogopa. Lakini dawa iliyo kwenye bomba imekwisha kuzimuliwa kwa maji. Kama kipimo ni mililita 40 kwa lita 20, basi tone lililo ndani ya chupa lina nguvu mara 500 kuliko tone linalotua kwenye jani. Sasa mfikirie mtu anayepima dawa kwa kizibo, amechuchumaa kando ya ndoo, kidole gumba kimelowa, kisha anakoroga kwa mkono mtupu. Dakika hizo chache zinaweza kumwingizia sumu nyingi kuliko saa nzima ya kupuliza.

Dawa za jamii ya profenofosi huweza kupenya kwenye ngozi bila kuunguza wala kuwasha. Mtu anaweza asihisi kitu mpaka kichwa kianze kumuuma, mate na jasho vimtoke kupita kawaida, macho yaone ukungu, tumbo lisokote, misuli itetemeke. Hapo si pa kusubiri: mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mpeleke hospitali pamoja na chupa au lebo ya dawa. Anayemwosha naye avae glavu. Glasi ya maziwa, ambayo wengi wetu tumezoea kunywa baada ya kupuliza, haiondoi sumu iliyokwisha kupita kwenye ngozi.

Glavu ya kununua

Tafuta glavu za nitrili. Huu ni mpira wa kiwandani usiolainika upesi kwa mafuta, nao unafaa kwa sababu dawa nyingi za maji huyeyushwa kwanza katika vimiminika vya jamii ya mafuta ya petroli. Iwe na unene wa karibu milimita 0.4, na urefu usiopungua sentimita 30 ili ipite kifundo cha mkono. Chagua isiyo na kitambaa ndani. Asubuhi za Ufipa zina baridi na kitambaa kinavutia, ila sumu ikishaingia humo haitoki kwa kuoshwa. Kila uvaapo unajipaka upya.

Soma alama. Picha ya chupa ya maabara inaonyesha glavu imepimwa kwa kemikali. Picha ya nyundo inahusu hatari kama kuchubuka, kukatwa na kutobolewa, si kemikali. Kiwango cha kimataifa cha glavu za viuatilifu, ISO 18889, kilitolewa mwaka 2019: alama G2 inafaa hata kwa dawa ambayo haijachanganywa na maji, G1 haitoshi kwa kupimia dawa ya chupani. Usipoziona alama hizi dukani, rudi kwenye nitrili, unene na urefu.

Saizi nayo ina uzito wake. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kiganja, chini ya vifundo vya vidole, ukiacha gumba nje. Sentimita 18 ni saizi 7, 20 ni saizi 8, 23 ni saizi 9. Mama aliyepewa glavu za mumewe hushindwa kushika kizibo, naye atazivua palepale pa kupimia.

Zinazodanganya macho

Glavu nyembamba za hospitali ni za kazi fupi na huchanika upesi. Za ngozi na za sufu hufyonza dawa. Zipo pia zile zenye magamba magumu juu ya vidole, za waendesha bodaboda au za mchezo wa kufyatuliana vidonge vya rangi, ambazo hufika hadi kwenye mitumba. Zinaonekana imara, na kwa kazi yake ni imara: zimeshonwa kukinga vifundo visiumie kwa pigo au anguko. Lakini viganja vyake ni kitambaa na ngozi. Kwa sumu, hizo ni sifongo.

Anayefua na anayepalilia

Jozi moja ya glavu kwa kaya haitoshi. Nguo za mpulizaji hufuliwa na mama au binti kwa mikono mitupu, katika beseni lilelile la nguo za mtoto. Tunaomba sana hili libadilike: nguo hizo zifuliwe peke yake, na anayefua awe na glavu zake. Vivyo hivyo kwa anayeingia kupalilia majani yakiwa bado yamelowa dawa, na anayechanganya mahindi na dawa ya unga juu ya turubai baada ya mavuno. Kama ni kibarua, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe vifaa vya kinga. Mwenye shamba ni mwajiri.

Mahali pa kutovaa glavu

Mashine ya kupukuchua mahindi, mkanda wa mashine ya kusaga, drili ya mezani: popote chuma kinapozunguka, glavu huweza kunaswa na kuuvuta mkono mzima. Zima mashine kwanza, isimame kabisa, ndipo uzibue. Fundi wa kuchomelea yeye anahitaji glavu ndefu za ngozi, kwani mpira huungua kwa cheche.

Kabla ya kuvaa na baada ya kuvua

Jaza maji ndani ya glavu, kunja mdomo, minya. Ikivuja, imekwisha, usiizibe kwa gundi. Unapopuliza mimea mifupi, mikono ya shati ikae juu ya glavu, dawa isitiririkie ndani. Unapopuliza juu ya kichwa, glavu ikae juu ya shati.

Ukimaliza, osha glavu kwa sabuni zikiwa bado mkononi. Zivue kidogokidogo, moja ikiisaidia nyingine, kisha osha mikono. Zianike kivulini, vidole vikiangalia juu, mbali na jiko na mbali na watoto, kwenye msumari wake ambao hautundikwi kitu kingine.