Nani Anakula? Somo Kutoka Tumbo Lisiloshiba



Ndugu msomaji, wengi wetu tulisoma Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka 2016, kwa ajili ya KCSE. Tulikariri maudhui na wahusika, tukafanya mtihani, tukasahau. Likizo iliyopita nilikirudia kitabu hicho nyumbani Malaba, na safari hii sikukimaliza kwa amani.

Kula katika hadithi

Katika hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyokipa kitabu jina, jitu linaingia mkahawani kwa Mzee Mago, linamaliza chakula chote na kuahidi kurudi kesho. Baadaye wanyonge wa Madongoporomoka wanavunjiwa makazi yao. Hapo dhuluma iko wazi: mlaji anajulikana na mliwa anajulikana.

"Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad ni ngumu zaidi. Sasa na Mbura wanahudhuria sherehe ya Mzee Mambo inayogharimiwa kwa mali ya umma. Wanajua kwamba kula huku kuna makosa, wanalizungumza jambo hilo, na bado wanakula. Huo ndio mgogoro wa kimaadili hasa: mtu anajua, na mkono unarudi sahanini.

Kula katika Qur'ani

Sura al-Baqara, aya ya 188, inatukataza kula mali zetu baina yetu kwa batili, na kuzipeleka kwa mahakimu ili tupate kula sehemu ya mali za watu kwa dhambi. Kitenzi ni kilekile: kula. Naye Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Nu'man bin Bashir, ametufundisha kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yapo mambo yenye shaka, anayejiepusha nayo ameilinda dini yake na heshima yake.

Kula Malaba

Malaba ni mji ulio katika nchi mbili: huku Busia ya Kenya, kule Tororo ya Uganda. Shangazi yangu, aliyenilipia karo, hununua mahindi na maharagwe ng'ambo. Kwa miaka mingi aliyavusha kwa njia za panya, akiwapoza vijana wa njiani kwa kitu kidogo. Nilipomsimulia habari za Sasa na Mbura alicheka sana. Kisha akaniuliza, "Na karo yako, mwanangu, ilitoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Kumnyooshea kidole Mzee Mambo ni rahisi. Kutazama sahani yako mwenyewe ni kazi. Si haki kumweka shangazi kwenye mizani moja na jitu, kwa maana yeye alitafuta mlo, nalo halikujua kushiba. Lakini kosa dogo haligeuki halali kwa kuwa lipo kubwa kuliko hilo.

Nikamweleza kwamba utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bila ushuru wa forodha bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zilizozalishwa katika nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kwa cheti rahisi kinachothibitisha zilikotoka. Tukaenda kituoni pamoja. Foleni ilikuwa ndefu naye alilalamika mpaka mwisho. Lakini magunia manne yalivuka mchana kweupe, na usiku akaniambia, "Leo sijamwogopa mtu."

Maswali ya halaka

1. Sasa na Mbura wangeweza kufanya nini tofauti, na wangepoteza nini?
2. Je, umaskini unabadilisha hukumu ya kosa, au unabadilisha tu namna ya kumwendea mkosaji?
3. Katika maisha yako ya chuoni, ni sahani gani hujaiuliza ilikotoka?

Mola atupe rizki ya halali na atutosheleze nayo. Amin.