Kuku Wako Wanalala Wapi, Mdogo Wangu?

Mdogo wangu, sogea tuongee. Najua umejitahidi. Bati umenunua, wavu umezungusha, chanjo ya kideri hukuikosa. Lakini nikikuuliza kuku wanalala wapi, unanijibu, "Humo humo bandani." Humo wapi? Chini kwenye maranda yaliyolowa? Wamebanana juu ya viota? Au wote wanagombania ule ufito mmoja aliouacha fundi? Usione haya, mwenzangu, wengi wamo humo humo. Tunawahesabia kuku chakula na maji, pa kulala hatupahesabu.

Hebu fikiria. Huku kwetu karibu na ikweta, usiku na mchana vinakaribia kulingana mwaka mzima, saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili. Kuku gizani haoni vizuri. Magharibi ikikaribia anatafuta pa kupanda, akishatulia hapo hasogei mpaka alfajiri. Maana yake nusu ya maisha yake inaishia kwenye ule mti wa kulalia, na wewe umeuchagua kwa kuokota chochote kilichokuwa uani.

Asili ya kuku ni ndege wa msituni huko Asia, na usiku walipanda mitini kuwakwepa wanyama. Hiyo hofu hawajaiacha. Ukimlaza chini, hata kama mlango una kufuli, kila kishindo kinamshtua. Tena huko chini ndiko panya na kicheche wanakopita, na ndiko kwenye kinyesi kibichi chenye ile harufu inayochoma macho. Akiivuta usiku kucha, asubuhi unamkuta anakoroma na macho yamevimba, nawe unakimbilia duka la dawa. Dawa ya kwanza ilikuwa ni kumpandisha juu, mdogo wangu.

Sasa mti gani? Bomba la chuma liache: linateleza, na mchana chini ya bati linawaka moto. Mwanzi nao unateleza, halafu ndani una uwazi wa kuficha wadudu. Ufito mwembamba ndio mbaya zaidi, ni kama wewe ukiambiwa ulale juu ya kamba ya kuanikia nguo. Kuku anaulalia kwa kidari, uzito wote unakusanyika kwenye mstari mmoja, na mfupa wa kidari mwishowe unapinda. Mwambie fundi akupe mbao ya mbili kwa mbili, yaani upana wa kama sentimita 5, kisha azipige randa kingo za juu ziwe za mviringo na kupitisha msasa. Hela haitoshi? Mrunda mkavu wa mkaratusi wa unene huohuo, uliobanduliwa magome yote, unafaa kabisa. Wala usijione maskini kwa hilo.

Misumari iliyochomoza sitaki kuisikia. Kajeraha kadogo unyayoni, bakteria wanaingia, na baada ya muda unaona uvimbe mgumu na kuku anachechemea. Na fundi akikuambia mbao zipakwe oili chafu ili mchwa wasile, kataa. Nguzo za nje sawa, lakini mti huu wa kulalia kuku ataukumbatia kifuani kila usiku, kisha aende kutaga na manyoya hayo hayo.

Nije kwenye urefu, maana hapa ndipo machozi ya wengi yalipo. "Dada, kuku wangu wanalala kwenye viota, mayai yote machafu!" Ni kwa sababu viota umeviweka juu kuliko miti ya kulalia. Kuku anafuata palipo juu zaidi, hana ukaidi wowote. Shusha viota, pandisha miti, jioni chache za mwanzo wahamishe kwa mkono. Kuku wa kienyeji ni mwepesi, hata mita moja anairuka bila shida. Lakini hawa chotara wazito, Kuroiler na Sasso, uwahurumie. Wao waanzie sentimita 30 hadi 45, kwa sababu adha yao si kupanda, ni kushuka. Kila asubuhi wakijitupa chini kwa kishindo, miguu na kidari vinaumia polepole bila wewe kujua. Na usingoje watage ndipo uwawekee. Vifaranga wa wiki nne hadi sita wawekee kimti cha chini wazoee, maana aliyekua bila kujua kupanda hujifunza kwa tabu ukubwani. Kuku wa nyama wa wiki sita wewe waache chini, ila maranda yawe makavu.

Nafasi nayo usibane. Kila kuku mpe sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo kuku kumi wanataka mita 2 mpaka mita 2 na nusu. Acha sentimita 30 hivi kutoka ukutani, na kiasi hicho kati ya mti na mti, wala usipange mmoja juu ya mwingine kabisa, wa chini wataamka wamechafuliwa. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo kuku wanavyoishi. Pakiwa padogo, mnyonge ndiye anayesukumwa. Utamwona amejikunyata pembeni peke yake, utadhani mgonjwa, kumbe amenyimwa tu pa kulala. Inaumiza ukimtazama. Na kama umenunua kuku wapya, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini wewe mpunguzie: mpandishe mtini giza likishaingia, wenzake wametulia, ugomvi unapungua.

Jambo moja umkazie fundi: miti isipigiliwe moja kwa moja. Achonge vishikio ukutani, mti ukae na uweze kutoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa za mbao ndiyo nyumba ya utitiri mwekundu na papasi. Mchana wamejificha humo, usiku wanatoka kunyonya damu. Wewe mchana unakagua kuku, huoni kitu, unashangaa tu upanga umepauka na mayai yamepungua, unaanza kubadilisha chakula.

Kwa hiyo leo usiku chukua tochi na kitambaa cheupe. Kipitishe chini ya mti na pale unapokaa kwenye kishikio. Kikitoka na michirizi myekundu, kesho asubuhi toa miti yote, isugue kwa maji ya moto, ianike juani ikauke kabisa, nyufa za ukutani zibe kwa chokaa. Rudia baada ya wiki, maana mayai ya utitiri yaliyosalia yatakuwa yameshaanguliwa.