Dondoo muhimu: Kuihuisha rangi ya ndani ya gari

Atakaye kuirudishia haiba paneli ya mlango iliyochujuka kwa jua, na ajue kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni usafi, kwani mafuta ya kung'arishia yaliyopakwa miaka na miaka hubaki katika mikunjo ya nakshi, na rangi ya kupuliza ikikutana nayo hujitenga na kuacha vitundu vya mviringo. Basi ifungue paneli, uisugue kwa sabuni na brashi laini, uipanguse kwa spiriti, kisha uiache ikauke barabara. Pulizia mahali penye hewa, kopo likiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, tabaka tatu nyembamba, ukingoja dakika 10 hivi baina yake. Tabaka moja nzito hutiririka na kuifukia nakshi. Pedeli usizipulize kamwe, zitateleza.