Kuasili Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu Kutoka India: Hatua kwa Familia Iliyoko Marekani

Mwongozo huu ni wa raia wa Marekani, awe alizaliwa Bukavu, Mombasa au Minnesota, anayetaka kuasili mtoto mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu anayelelewa kwenye kituo nchini India. China, iliyokuwa ikitoa watoto wengi wa namna hii, ilitangaza Septemba 2024 kwamba haipeleki tena watoto nje, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na wazazi wa kambo. India bado inaendelea. Marekani na India zote zinafuata Mkataba wa The Hague wa 1993, na chini ya mkataba huo karatasi iliyotangulia wakati wake huharibu kazi sawa na karatasi iliyokosekana. Usiruke namba.

Hapa chini, "wakala" ni shirika linalosimamia maombi yako. "CARA" ni mamlaka kuu ya uasili ya India. "Jalada" ni ripoti ya malezi na ripoti ya afya ya mtoto, zikiwa pamoja.

1. Hakiki sifa zako kabla ya kulipa chochote. Kwenye ndoa, angalau mmoja awe raia wa Marekani; green card peke yake haitoshi. Wanandoa huomba pamoja, na India inataka ndoa iwe imetimiza miaka 2. Asiye na ndoa awe na miaka 24 anapowasilisha fomu I-800A (ya kuthibitisha kwamba mzazi anafaa) na 25 anapowasilisha I-800 (ya kumwombea mtoto mahususi). Mwanamume asiye na mke haruhusiwi na India kuasili msichana. Jumlisha umri wa mume na mke: isizidi 85 kwa mtoto wa chini ya miaka 2, 90 kwa wa miaka 2 hadi 4, 100 kwa wa miaka 4 hadi 8, na 110 kwa aliyezidi hapo. Kila mzazi amzidi mtoto kwa miaka 25 au zaidi. Kuwa na watoto wawili au zaidi nyumbani hakukuondoi: familia kama hizo bado hupewa watoto wenye mahitaji maalumu.

2. Chagua wakala kwa kulinganisha orodha mbili: ya mawakala walioidhinishwa na Marekani, na ya mawakala wa kigeni wanaotambuliwa na CARA. Jina lionekane kwenye zote mbili. Omba jedwali la ada kwa maandishi, kila ada na mstari wake, pamoja na masharti ya kurudishiwa pesa. Wakala akikuahidi mtoto fulani kabla ya hatua ya 3, ondoka.

3. Fanya tathmini ya familia. Ofisa ustawi wa jamii atakutembelea nyumbani, atawahoji wote na kuandika ripoti. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo huchunguzwa rekodi zake katika kila nchi na jimbo alikoishi tangu alipotimiza miaka 18. Aliyewahi kuishi kwenye kambi za wakimbizi za Kakuma au Nyarugusu aanze kutafuta karatasi za rekodi hizo mapema, kwa sababu ndizo huchelewa kuliko zote. Kamilisha saa za mafunzo, zisizopungua 10. Kisha soma ripoti na uhakiki kwamba inataja idadi ya watoto, umri, na aina za ulemavu au maradhi unayoweza kuyabeba. Ikiwa imeandika "mahitaji madogo" na wewe ukamkubali mtoto mwenye mtindio wa ubongo, itabidi irekebishwe na uanze kusubiri upya.

4. Wasilisha I-800A ripoti ikiwa haijazidi miezi 6. Watu wazima wote wa nyumba watachukuliwa alama za vidole. Kibali hudumu miezi 15. Andika tarehe ya kuisha kwake juu ya faili kwa wino mwekundu.

5. Kagua jalada la mtoto utakayependekezewa kupitia wakala. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine popote. Andaa rula, penseli, kalenda, na chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani za 2006 (kwa mtoto wa chini ya miaka 5).

   a) Orodhesha kwa tarehe kila kipimo cha uzito (kg), urefu (cm) na mzunguko wa kichwa (cm). Tia alama kwenye chati. Kwa mtoto njiti, ondoa wiki alizowahi kuzaliwa hadi atimize miaka 2. Kipimo kimoja hakionyeshi mwelekeo. Omba visipungue vitatu. Kichwa kinachozidi kubaki nyuma ya mstari wake ni swali la daktari, hata picha ikiwa nzuri namna gani.

   b) Tenganisha ugonjwa na dalili. "Amechelewa kukua" ni dalili. Uliza chanzo, nani alikitambua, lini, na kwa kipimo gani.

   c) Linganisha matibabu na umri. Mguu kifundo hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha viatu vilivyounganishwa kwa chuma huvaliwa usiku hadi miaka 4 hivi. Jalada lenye plasta bila viatu linaashiria kwamba mguu unaweza kupinda tena. Kaakaa lililopasuka kwa kawaida hushonwa kabla ya miezi 18. Mtoto wa miaka 4 asiyeshonwa atahitaji upasuaji pamoja na mafunzo ya kutamka.

   d) Tafuta majibu ya VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, kila moja na tarehe yake.

   e) Omba video isiyokatwa, yenye tarehe, ikionyesha mtoto akiinuka kutoka chini, akigeukia sauti ya mtu aliye nyuma yake, akiokota punje kwa vidole viwili, akila, na akitazamana na mlezi wake.

   f) Mpelekee yote daktari wa watoto mwenye uzoefu na watoto walioasiliwa. Kanuni za Marekani zinakupa angalau wiki 2 za kufikiri, isipokuwa pakiwa na dharura; zitumie zote. Kukataa katika hatua hii ni halali, na mtoto hubaki na nafasi ya kupata familia nyingine.

6. Pigia simu bima, hospitali na wilaya ya shule. Andika nani atatibu, umbali gani, na nani nyumbani ataacha zamu zake za kazi.

7. Kubali kwa maandishi kupitia wakala, kisha wasilisha I-800 pamoja na ripoti ya Ibara ya 16 ya Mkataba wa The Hague, yaani maelezo rasmi ya CARA kuhusu mtoto. Mtoto awe chini ya miaka 16 siku ya kuwasilisha. Jibu unalolisubiri linaitwa idhini ya awali.

8. Jaza fomu ya viza, DS-260, na usubiri ubalozi utoe barua ya Ibara ya 5. Hadi hapo usikubali amri yoyote ya kuasili wala kukabidhiwa mtoto. Kufanya hivyo mapema kunaweza kumnyima viza. Chora jedwali la tarehe tano: idhini ya awali, barua ya Ibara ya 5, hati ya kutokuwa na pingamizi ya CARA, amri ya kuasili ya Hakimu wa Wilaya, cheti cha Ibara ya 23. Kila tarehe ifuate iliyo juu yake. Mstari mmoja ukipinda, simama na umpigie wakala.

9. Safiri na ukae na mlezi wa kituo. Andika ratiba ya mtoto, chakula chake na namna anavyobembelezwa. Rekodi maneno ya lugha yake ya kuomba maji, choo na kusema anaumwa; huenda ni Kimarathi au Kiodia, na Kihindi ulichookota kwenye filamu hakitasaidia. Chukua pasipoti yake, mpeleke kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi (mwenye miaka 2 au zaidi hupimwa pia kifua kikuu), kisha fuata viza mjini New Delhi. Thibitisha kwamba imeandikwa IH-3, aina ya viza ya mtoto aliyekwisha kuasiliwa huko India. Kwa mtoto wa miaka 10 au chini, kiapo DS-1981 kinaruhusu chanjo zikamilishwe ndani ya siku 30 baada ya kuingia Marekani.

10. Mwingize mtoto kwenye bima ndani ya siku 30, na umpeleke kliniki ndani ya wiki 2. Damu, kinyesi, macho na masikio vipimwe upya hata kama jalada lina majibu. VVU na homa ya ini virudiwe baada ya miezi 6. Mwenye viza ya IH-3 aliye chini ya miaka 18 huwa raia anapoingia nchini kuishi na mzazi wake raia. Cheti cha uraia huja kwa posta. Kagua herufi za jina.

11. Zuia mikono mingi. Kwetu mtoto ni wa ukoo mzima, na mashangazi watafika na sufuria za pilau wakitaka kumbeba. Wapokee, lakini kwa wiki za mwanzo kulisha, kuogesha na kubembeleza kuwe kwa wazazi peke yao. Aliyelelewa kwa zamu za walezi anahitaji kujua nani habadiliki.

12. Andika barua kwa wilaya ya shule kuomba tathmini ya elimu maalumu ikiwa mtoto ametimiza miaka 3. Aliye mdogo zaidi huhudumiwa na mpango wa jimbo wa watoto wachanga. Weka nakala yenye tarehe.

13. Dai nafuu ya kodi mwaka ambao uasili umekamilika, si kabla. Kiwango cha juu kwa 2025 kilikuwa dola 17,280, nawe utahitaji risiti. Sheria ya kodi haimhesabu mtoto wa ng'ambo kuwa mwenye mahitaji maalumu, hata awe na ulemavu gani. Usijaze kisanduku hicho.

14. Tuma kwa CARA, kupitia wakala, ripoti 4 mwaka wa kwanza, moja kila miezi 3, na 2 mwaka wa pili, moja kila miezi 6, zikiwa na picha.