Somo: Ujasiriamali na moyo wa mwanafunzi



Wengi wenu mnalipa minervali kwa shida. Mtoto anarudi toka chuo kikuu na kusema amefundishwa ujasiriamali, yaani kuanzisha kazi yake mwenyewe na kuiongoza. Mzazi anauliza: somo hilo litaleta chakula? Katika nchi ambako kila mtu anajua Kifungu cha 15, yaani jitafutie mwenyewe, swali hilo ni la haki.

Mwaka 2007 ulitolewa uchunguzi kutoka vyuo viwili, kimoja cha London, kingine cha Grenoble, Ufaransa. Wanafunzi waliofuata somo hilo walilinganishwa na wenzao wasiolifuata. Waliosoma waliongezewa nia ya kujitegemea. Kilichowaongezea si mafundisho yenyewe wala misaada ya chuo, bali kuguswa moyoni, kwa mfano na mwalimu, mfanyabiashara mgeni au wenzao. Walakini somo lilipokwisha, nia hiyo ilikuwa bado haijazaa biashara.

Huko Uholanzi, uchunguzi wa mwaka 2010 ulionyesha kinyume: nia ilipungua. Pengine wanafunzi waliona ugumu wa kazi jinsi ulivyo. Mzazi asikasirike. Kijana anayejua mapema kwamba biashara si njia yake ameokoa mbuzi wa mwisho wa familia!

Mfano wa tatu unatoka Lomé, Togo, nao unahusu wachuuzi kama wa masoko yetu, si wanafunzi. Wenye biashara ndogo 1.500 waligawanywa. Wengine walifundishwa hesabu na mauzo. Wengine kutangulia kutenda, kutafuta nafasi mpya na kutokata tamaa. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: faida ya hawa wa pili iliongezeka kwa 30%. Ongezeko la wale wa hesabu halikuthibitika.

Kijana aliyekimbia vita amezoea kungoja jina lake lisomwe kwenye orodha ya mgao. Hatumlaumu. Lakini anayengoja tu ndiye anayefuatwa na wenye silaha na ahadi zao. Moyo ukiwashwa darasani, nyumbani apewe la kufanya mara moja, hata dogo: kuandika daftari la likelemba, au kununua gunia moja la maharagwe na kuliuza kwa vipimo.

Kazi ya kikundi: Katika kambi yenu, wanafunzi ni wangapi? Ni nani atakayemkabidhi mmoja wao daftari wiki hii? Na akipata hasara ya kwanza, nani atakaa naye kuhesabu upya?