Radi Huanzia Kwenye Barafu: Maelezo kwa Watumiaji wa Umeme wa Somanga

Ni vigumu kwa mkazi wa Somanga, aliyezoea joto la pwani ya Kilwa, kuamini kwamba radi inayounguza friza lake la samaki huanzia kwenye barafu. Ndivyo ilivyo. Katika majira ya mvua, Novemba hadi Aprili, hewa yenye joto na unyevu hupanda na kujenga wingu refu, ambalo kilele chake huweza kupita kilomita 12. Kuanzia kilomita 5 hivi kwenda juu, joto hushuka chini ya nyuzi 0. Huko hukutana chembe ndogo za barafu na vipande vizito zaidi, mfano wa mvua ya mawe, pamoja na matone ya maji yaliyopoa mno bila kuganda.

Barafu hizo hugongana mfululizo. Chembe nyepesi hubaki na chaji chanya na kupeperushwa juu. Vipande vizito hubeba chaji hasi na kukaa katikati ya wingu. Tofauti hiyo inapozidi uwezo wa hewa kuizuia, umeme huruka. Radi nyingi huishia ndani ya wingu lenyewe. Nyingine hushuka kwa hatua za makumi ya mita, hadi ikutane na cheche inayopanda kutoka kwenye mnazi, mlingoti wa jahazi au nguzo ya umeme.

Radi haihitaji kuipiga nyumba. Ikipiga laini ya umeme, msukumo wake hufuata waya hadi kwenye soketi. Kuzima swichi hakutoshi: umeme uliovuka kilomita kadhaa za hewa hauzuiwi na pengo dogo la swichi. (Dawa za kuzuia radi zinazouzwa mitaani nazo hazibadilishi lolote katika haya.) Tunashauri mchomoe plagi na waya wa antena mara ngurumo ya kwanza inaposikika kwa mbali, bila kusubiri mvua, kwa kuwa radi huweza kupiga kilomita 10 mbele yake. Kila sekunde 3 kati ya mwanga na ngurumo ni takriban kilomita 1. Radi ikiwa imekwisha kukaribia, msiguse plagi wala waya. Wauza samaki wasihofu kuchomoa mapema: friza lililojaa, lisipofunguliwa, hutunza ubaridi kwa siku nzima.