Jenga Ukingo wa Dari: Somo kwa Wazazi Wenye Watoto Wadogo Garini

Masomo ya kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 22:8, Nehemia 4:7-9, Mathayo 4:5-7



Wiki chache zilizopita, baada ya ibada, mama mmoja kijana wa kanisa letu alibaki ndani ya gari lake, injini inawaka lakini gari haliondoki. Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa nyuma anapiga kelele, amekaza mgongo kama upinde, hataki mikanda. Mama mwenyewe alikuwa analia. Tulipomsogelea alituambia kwamba ameifunga na kuifungua mikanda ile mara nne, na kila akitaka kuondoka anawaza: je, kama nimekosea? Je, tukigongwa? Tangu mtoto azaliwe hajawahi kuingia barabara kuu bila mikono kutetemeka. Kisha akatuuliza, "Hofu hii ni dhambi? Ina maana sina imani?"

Ametupa ruhusa tusimulie bila kutaja jina lake. Tunaandika somo hili kwa sababu tunajua hayuko peke yake.

Torati ilijua habari za kuanguka

Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari bapa, na juu ya dari watu waliishi. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini, chini ya mabua ya kitani. Petro alipanda darini kuomba. Mahali ambapo watu wazima wanaketi na kufanya kazi, watoto nao watakuwepo, na mtoto hajui mwisho wa dari ni wapi. Ndiyo maana Torati ilimwagiza kila anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asije akaanguka na nyumba ile ikawa na hatia ya damu.

Tuangalie vizuri agizo hilo. Mungu hakumwambia mwenye nyumba aamini tu kwamba hakuna atakayeanguka. Wala hakumkataza kupanda darini. Alimwambia ajenge. Akishajenga, apande, ale chakula na familia yake, alale usingizi. Nehemia naye alipotishiwa na adui aliomba, na papo hapo akaweka walinzi mchana na usiku. Bwana Yesu mwenyewe aliposhawishiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa.

Kwa hiyo jibu letu kwa yule mama lilikuwa hili: hofu inayokufanya ujenge ukingo si dhambi. Ni upendo unaotafuta kazi ya kufanya. Basi tuipe kazi, kisha tuiambie ipumzike.

Mikono ya mama haitoshi

Wengi wetu tulikua tukipakatwa. Tulisafiri kwenye daladala na matatu, nyuma ya pikapu, katikati ya baba na mama juu ya pikipiki, na tukafika. Bibi akija kututembelea huku Marekani na kumsikia mjukuu analia, husema, "Mtoeni huyo mtoto nimpakate. Sisi tulilea wengi bila hivyo viti." Anasema kwa upendo, na hatumjibu kwa dharau. Lakini tumweleze hesabu hii.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, yaani mwendo wa kawaida wa mjini, likigonga kitu husimama kwa muda kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika muda huo mtoto wa kilo 12 huvuta mikono ya anayempakata kama mzigo wa zaidi ya kilo 150. Hiyo ni mifuko mitatu ya saruji. Hakuna mama, hata mwenye nguvu namna gani, anayeweza kuishika mifuko mitatu ya saruji inayorushwa mbele ghafla. Mikono itaachia, na haitakuwa kwa kukosa upendo.

Tusidhani mawazo ya kupakata ni ya kwetu tu. Jimbo la kwanza la Marekani kulazimisha viti vya watoto lilikuwa Tennessee. Daktari wa watoto aitwaye Robert Sanders aliipigania sheria hiyo, ikapitishwa 1977 na kuanza kutumika 1978. Lakini wabunge waliingiza kifungu kilichoruhusu mtu mzima ampakate mtoto badala ya kumweka kitini. Daktari Sanders hakukubali, aliendelea kukipinga mpaka kikaondolewa 1981. Kufikia 1985 majimbo yote yalikuwa na sheria ya viti. Kwa hiyo Wamarekani nao walianza mahali walipo bibi zetu. Walijifunza, nasi tunaweza kujifunza.

Mamlaka ya taifa ya usalama barabarani inasema kiti kikitumika sawasawa kwenye gari dogo hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, na kwa asilimia 54 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 4. Mamlaka hiyohiyo iligundua kwamba karibu nusu ya viti hutumika kwa makosa. Neno hilo la mwisho linaweza kuongeza hofu, lakini tunaliona kama habari njema. Makosa yenyewe ni yaleyale machache, na mengi hurekebishwa kwa dakika chache.

Mambo sita ya kukagua

1. Mtoto aangalie nyuma ya gari. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kulinganisha na mwili wake, na mifupa ya shingo haijakomaa. Gari likigongwa kwa mbele, kiti kinachoangalia nyuma hubeba kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto aendelee kuangalia nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu cha kiti chake. Viti vingi vinavyogeuzwa huruhusu hivyo kwa miaka 2 au zaidi. Miguu ikikunjwa haina neno, watoto hukaa hivyo hata sakafuni. Usimgeuze kwa sababu tu amesherehekea mwaka mmoja. Sheria za majimbo hutofautiana, na sheria hutaja kiwango cha chini tu.

2. Kiti kisicheze. Kishike pale mkanda wa gari unapopita, kivute kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya inchi moja, bado hakijakaza. Tumia mkanda wa gari au zile ndoano za chini. Usitumie vyote viwili pamoja isipokuwa kitabu cha kiti kinaruhusu. Siku mtoto atakapogeuzwa kuangalia mbele, funga pia mkanda wa juu unaotoka mgongoni mwa kiti. Huo wengi wetu tunausahau.

3. Mikanda ya mtoto imkae. Akiangalia nyuma, mikanda itoke usawa wa mabega au chini yake kidogo. Akiangalia mbele, itoke usawa wa mabega au juu yake kidogo. Kibano cha kifuani kiwe usawa wa kwapa, kisiwe tumboni. Kisha jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, umelegea, kaza tena.

4. Koti la baridi livuliwe. Hapa kwetu hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kuanzia Novemba. Koti nene lina hewa ndani. Gari likigonga, hewa ile hutoka, na mkanda uliodhani umekaza unakuwa umelegea. Mvue koti, mfunge mikanda, kisha mfunike kwa blanketi au koti lilelile juu ya mikanda. Washa gari mapema lipate joto.

5. Ujue kiti kimetoka wapi. Kiti cha kuokota au cha kununua kwa mtu usiyemjua kinaweza kuwa kilishapata ajali. Kila kiti kina tarehe ya mwisho wa matumizi, mara nyingi imeandikwa chini au nyuma yake. Kama kiti chenu kilikuwa ndani ya gari lililogongwa vibaya, msikitumie tena. Ulizeni bima ya gari kama italipia kingine.

6. Mtoto akae nyuma, na asiachwe garini. Kiti kinachoangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Watoto wote wa chini ya miaka 13 wakae viti vya nyuma. Na wakati wa joto, gari lililofungwa linaweza kupanda nyuzi kama 20 za Farenhaiti kwa dakika 10 tu. Wazazi wengi waliopata msiba huu hawakuwa wazazi wabaya. Walichoka, ratiba ilibadilika, mtoto alilala kimya. Weka mkoba au simu yako kwenye kiti cha nyuma karibu na mtoto, ili usiweze kuondoka bila kuufungua mlango ule.

Mtoto akilia

Wazazi wengi wanajua yote haya, lakini wanashindwa njiani kwa sababu ya kilio. Tuseme wazi: kulia hakumuumizi mtoto, kutupwa garini kunamuumiza. Kabla ya safari angalia njaa, nepi, joto na kamba inayomkwaruza. Mwimbie nyimbo zilezile kila safari. Mpe kitu laini cha kushika. Akizidi, toka barabarani, simama mahali salama, mtulize, kisha mrudishe kitini. Usimtoe gari likiwa linakwenda, hata mara moja. Mtoto wa umri huu anapima kama neno lako linabadilika. Akigundua kwamba kilio kinafungua mikanda, atalia kesho pia. Akigundua hakifungui, mara nyingi baada ya siku kadhaa anazoea.

Hofu ikizidi kazi yake

Yule mama alikuwa amefanya kila kitu sawa. Tulikagua naye, mikanda ilikuwa imekaa vizuri. Shida yake haikuwa tena kiti, ilikuwa hofu iliyokataa kupumzika hata baada ya ukingo kujengwa. Kwa hofu hiyo tunashauri hivi.

Kwanza, mwone fundi aliyeidhinishwa wa ukaguzi wa viti vya watoto. Wanapatikana kupitia hospitali, idara za afya na baadhi ya vituo vya zimamoto, na mara nyingi hawatozi malipo. Piga simu kwanza, kwa kuwa si kila kituo kina fundi. Atakufundisha ufunge mwenyewe mbele yake.

Pili, kagua mara moja tu, kwa mpangilio uleule kila safari: kiti, mikanda, kibano, koti. Sema kwa sauti, "Nimemaliza." Omba sala fupi, funga mlango, nenda. Kukagua mara ya pili na ya tatu hakumwongezei mtoto usalama. Kunailisha hofu tu.

Tatu, kama huwezi kulala, kama picha za ajali zinakujia bila kuitwa, kama umeanza kukosa kliniki kwa kuogopa kuendesha, mwambie daktari wako. Wako kati yetu waliozaa karibuni, na hali hii huwapata wazazi wengi baada ya kuzaa. Wako pia walioona mambo mazito barabarani wakati wa vita na kukimbia, na mwili unakumbuka. Huu ni ugonjwa unaotibika. Hospitalini una haki ya kuomba mkalimani bila malipo. Kutafuta tiba nako ni kujenga ukingo.

Neno kwetu sote kama kanisa

Tunakiri jambo hapa. Baada ya ibada, sisi wenyewe tumewahi kujaza watoto garini, mmoja akapakatwa, tukasema ni karibu tu, dakika kumi. Siku moja mbwa alikatiza barabara, tukafunga breki, na mtoto aliyepakatwa akagonga kichwa kwenye kiti cha mbele. Alipata uvimbe tu, tukamshukuru Mungu. Lakini tulijua kwamba tulikuwa tumepanda dari isiyo na ukingo. Mama yake alikuwa ametuamini.

Kwa hiyo tunaomba tukubaliane: kama hakuna kiti cha mtoto, hakuna lifti. Tutarudi safari ya pili, na wanaosubiri watapata chai ukumbini. Familia isiyo na uwezo wa kununua kiti isione haya. Mwambieni mtu wa huduma ya afya, tutawasaidia kuuliza idara ya afya na hospitali zinazotoa viti. Sisi si mafundi walioidhinishwa, lakini kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tutakuwa kwenye maegesho baada ya ibada, kusoma pamoja nanyi vitabu vya viti vyenu na kuwapangia miadi.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, ni nani anayewajibika mtu akianguka kutoka dari isiyo na ukingo? Hilo linatufundisha nini tunapobeba watoto wa wengine?

2. Nehemia aliomba na akaweka walinzi. Ni wapi nyumbani kwako umeomba bila kuweka mlinzi? Ni wapi umeweka mlinzi bila kuomba?

3. Utamwelezaje bibi au shangazi kwa heshima kwamba mtoto hatapakatwa garini?

Tuombe

Baba, umetupa watoto hawa katika nchi ya barabara ndefu na baridi kali. Tufundishe kufanya kwa uaminifu kazi ambayo mikono yetu inaweza. Na tukishaifanya, utuondolee mtetemeko, kwa kuwa wewe huwaoni watoto wetu kupitia kioo cha gari kama sisi, unawaona siku zote. Uwakumbuke waliopoteza watoto barabarani, uwafariji. Katika jina la Yesu, Amina.

Yule mama aliondoka siku ile kwa mwendo wa pole, mtoto bado analia. Jioni alituandikia ujumbe: wamefika, na mtoto alilala kabla ya taa ya pili.